Kobe wa Majini Aliyehamia Bwawani Kwetu

Perege hawakuja kula.

Hilo ndilo lililonisimamisha ukingoni mwa bwawa asubuhi moja ya Aprili, kiganja kikiwa bado kimejaa pumba za mahindi. Kwa kawaida wakisikia tu hatua zangu huja juu wote na kugombania nafasi kabla sijarusha chochote. Asubuhi hiyo walikuwa wamejibanza upande mmoja, chini ya majani ya yungiyungi, na pumba zikaelea, zikalowa, zikazama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji kutoka milima ya Uluguru yalikuwa bado yanaporomoka katika mifereji ya mtaa wetu hapa Morogoro, nami nilidhani kwamba tope limeingia bwawani. Kisha katikati ya maji kikachomoza kitu kidogo chenye matundu mawili, kikavuta hewa, kikazama.

Nikasubiri. Kilipochomoza mara ya pili niliona na macho.

Alikuwa kobe wa majini. Gamba lake, lenye rangi ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, halikuzidi urefu wa kiganja changu. Nyumbani hakuna aliyemleta, watoto waliapa kwamba hawamjui, na geti la nyuma lilikuwa limefungwa. Lakini chini ya geti hilo pana uwazi ambao maji ya mvua hupitia, na kwenye tope la hapo palikuwa na alama za kucha zilizoelekea ndani.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili halijaniacha. Nimeliwaza nikisahihisha madaftari, nimeliwaza nikiwa ndani ya daladala. Bwawa nililifahamu kuwa mahali pa samaki na maua, ambapo kila kilichomo kiliingia kwa mkono wangu. Sasa yumo kiumbe aliyejileta mwenyewe, na ilinibidi niamue kama nimwache aishi na wenzake au nimtoe, na kila nilipodhani nimekwisha kuamua nilikuta sababu nyingine ya kusita.

## Njia ilikuwapo kabla ya nyumba

Kobe wa aina hii wameenea karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Wanasayansi huliita kundi lao Pelomedusa, na kwa miaka mingi waliwahesabu wote kuwa aina moja, mpaka mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba ni aina nyingi zinazofanana sura. Mojawapo, ya hapa Tanzania, ilipewa jina la Pelomedusa kobe. Kuzitenganisha kwa macho ni kazi ya wataalamu, lakini kulitambua kundi lenyewe si vigumu ukipata nafasi ya kumtazama mnyama akiwa ametoka majini. Shingo huikunja kwa upande, akakilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba badala ya kukirudisha ndani moja kwa moja. Chini ya kidevu ana vindevu viwili vifupi. Gamba la tumbo halina bawaba, tofauti na jamaa zake wa kundi la Pelusios, ambao nao wako katika mito na mabwawa yetu na wanaweza kujifungia ndani wakitishwa.

Mwenendo wake ulinifundisha zaidi ya sura yake. Hawa ni wanyama wa madimbwi ya msimu. Kiangazi kinapokausha maji hujifukia katika tope na kutulia humo hadi mvua zirudi. Zikirudi hutoka, na hapo ndipo hutembea nchi kavu, pengine mbali sana, kutafuta maji mengine. Mito mikubwa ya kudumu, yenye mamba, huwa zaidi makazi ya akina Pelusios. Kwa hiyo kobe unayemkuta akikatiza barabara mwezi wa Machi au Aprili hajapotea wala hahitaji kupelekwa mtoni. Yuko safarini katika majira yake, na jambo jema unaloweza kumfanyia ni kumvusha kuelekea upande ule ule alioukabili.

Mzee wa nyumba ya tatu, ambaye alikulia hapa kabla mtaa haujapimwa viwanja, alikuja kumtazama siku ya pili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Nimesikia una mgeni.”

Alisimama ukingoni kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akanieleza kwamba pale ilipo stoo yangu palikuwa na shimo kubwa walilochimba udongo wa kufyatulia matofali, nalo kila masika lilijaa maji, na watoto wa wakati wake walikuwa wakiwaona kobe wa namna hii humo. Kuanzia hapo hadi karibu na mto Ngerengere kulikuwa na majaruba ya mpunga na vidimbwi vilivyofuatana. Leo kuna kuta, mitaro ya zege na sisi.

Maneno hayo yalinigeuza mawazo. Nilikuwa nikijiuliza kobe huyu ametafuta nini nyumbani kwangu, kumbe nyumba yangu ndiyo iliyokuja kukaa mahali palipokuwa na maji, na bwawa la saruji lenye perege na yungiyungi ndicho kitu pekee kilichosalia hapa kinachofanana na alichokuwa akikitafuta.

“Lakini mgeni ni siku mbili,” mzee akasema akiwa anaondoka. “Ya tatu mpe jembe. Huyu utampa jembe gani?”

## Nani anamla nani

Swali lake lilikuwa la utani, nami nililichukua kwa uzito wote, kwa sababu hofu yangu ya kwanza ilikuwa hofu ya kila mfugaji wa samaki. Kobe huyu hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, minyoo, vyura na viluwiluwi vyao, samaki wadogo, mizoga, na mimea pia. Huko kusini mwa Afrika wameonekana wakichuma kupe kwenye miili ya vifaru wanaogaagaa matopeni, na wameonekana pia wakiwavuta majini ndege waliokuja kunywa. Mnyama mwenye uwezo wa kumvuta njiwa majini hakuja bwawani kwangu kupiga picha na maua.

Nilichukua tenga nikimtegea, nikaliweka chini, siku nyingine nikalichukua tena. Kilichonizuia ni kile nilichokuwa nikikiona.

Perege mzima mwenye afya, katika maji yenye kina na nafasi, humkwepa kobe bila shida. Baada ya siku chache samaki walirudi kula juu, wakijifunza kukaa mbali na kichwa chake na kutojali mgongo wake. Waliopungua ni vifaranga. Sasa yeyote aliyefuga perege anajua kwamba wingi wa vifaranga ndio tatizo la bwawa dogo kuliko uhaba wao: jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, huwalinda watoto humo humo hatari inapokaribia, na maji yakiwa ya joto huweza kurudia uzazi kila baada ya mwezi mmoja au mwezi na nusu. Bwawa linajaa samaki wengi waliodumaa ambao hawafai hata kukaangwa. Wafugaji hutia kambare ili wapunguze vifaranga. Kwangu kazi hiyo ilianza kufanywa na aliyekuja kwa miguu.

Kisha kukatokea perege mkubwa aliyekufa. Zamani samaki akifia chini ya majani nilimjua kwa harufu, baada ya kuwa amekwisha kuyaharibu maji. Safari hii nilimkuta kobe ameshamfikia: anamng’ata, anamkandamiza kwa kucha za miguu ya mbele, anamrarua vipande. Kufikia jioni ulibaki mti wa mgongo na kichwa. Nilimkumbuka mzee na jembe lake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kutangaza kwamba kila kiumbe ana kazi yake na wote wanaishi kwa amani. Siwezi kuyaandika hayo. Niliona perege aliye hai ambaye pezi lake la mkia lilikuwa limeng’atwa, na sikuweza kutambua kama aling’atwa kwa sababu alikuwa mgonjwa au aliugua kwa sababu aling’atwa. Na vyura wamepungua. Masika ya miaka iliyopita walikuwa wakiimba ukingoni hadi ikawa taabu kulala, nami niliipenda taabu hiyo. Mwaka huu sauti ni chache, na viluwiluwi vilivyokuwa vikijazana kwenye maji mafupi karibu havionekani. Hiyo ni hasara, ninaihisi kila usiku, na sitaifunika kwa maneno mazuri. Viumbe hawa wanaishi pamoja kwa maana kwamba wengine wanaliwa, na lililo mikononi mwangu ni kuhakikisha kwamba wanaowindwa wana pa kukimbilia.

Ndiyo maana mwishowe nilitenganisha makusudi mawili niliyokuwa nikiyachanganya. Perege wa kitoweo wako katika tangi lao nyuma ya jiko. Bwawa la bustani limeachiwa samaki ambao siwahesabu.

## Mzigo juu ya maji

Katika mambo haya yote, maji ndiyo yanayobeba lawama kimyakimya. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yao na kwa kinyesi, kobe huongeza ya kwake, na chakula kilichobaki bila kuliwa huoza na kutoa nyingine. Bakteria wanaoishi juu ya mawe, kuta na mizizi huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Mnyororo huo unafanya kazi kwa kasi yake wenyewe. Ukiongeza mnyama mmoja mkubwa katika siku moja, bakteria hawaongezeki siku hiyo hiyo.

Bwawa letu lina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha karibu mita 1, yaani takriban lita 12,000 likijaa. Kwa ujazo huo kobe mmoja wa kiganja si mzigo mkubwa. Kobe huyo huyo katika beseni, au katika pipa la lita 200 kama nilivyoona kwa watu, angeyafanya maji yawe machafu kabla wiki haijaisha, na samaki wowote waliomo wangeanza kufa bila mwenyewe kujua kwa nini. Ninapoulizwa kama kobe na samaki wanaweza kukaa pamoja, sasa ninauliza kwanza maji ni kiasi gani.

Liko jambo jingine lililonichukua muda kulielewa, na ninalieleza kwa urefu kwa sababu naona linaweza kuwaponza wengi. Mchana mimea na ukoga hutoa oksijeni; usiku navyo huvuta, pamoja na samaki na bakteria, hivyo wakati wa hatari ni alfajiri, ambapo oksijeni imefika chini kabisa. Ukiona perege wamejipanga juu wakihema kwa midomo kabla jua halijatoka, bwawa linakuomba msaada. Lakini kobe hupumua kwa mapafu. Anachomoza pua, anavuta hewa ile ile ninayoivuta mimi, anazama. Maji yanayoua samaki hayamshtui hata kidogo, na mchana jua linapokuwa kali na ukoga umeyaongezea maji ualkali, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile iliyo sumu kwa samaki, huku kobe akiota jua juu ya jiwe akionekana mwenye afya tele. Mtu anayemtazama yeye ili ajue hali ya bwawa atadanganyika. Watazame samaki.

Nimepunguza pumba, na kobe simlishi. Watoto walitaka kumpa dagaa na nikawakatalia, kwa sababu kobe anayelishwa huacha kuwinda, huja mkononi, na mzigo wote anaouacha majini unakuwa umeletwa kutoka nje ya bwawa.

## Yungiyungi, na lile lisiloruhusiwa kuingia

Majani ndiyo yaliyonishangaza. Nilitegemea kwamba yatakuwa ya kwanza kuangamia, na kweli wiki ya kwanza vichipukizi vichanga vya yungiyungi vilikatwa, na chungu kimoja kilichimbuliwa mpaka viazi vyake vikaelea. Nilipanda upya katika vyungu vizito zaidi, nikafunika udongo kwa kokoto kubwa ambazo kucha zake haziwezi kuzihamisha, nikavishusha kwenye kina. Mmea uliokwisha kushika mizizi unastahimili. Hili la maua ya buluu, linalofunguka asubuhi na kufumba alasiri, ni la asili ya mabwawa ya Afrika, na kobe hawa wamekuwa wakiishi chini ya majani yake tangu zamani.

Majani hayo yana kazi zaidi ya uzuri. Yanakula naitreti, yanawanyima ukoga mwanga, yanapunguza joto la maji mchana, na chini yake ndiko vifaranga wa perege wanakopona. Ninajitahidi yafunike karibu nusu ya uso wa maji, kwani yakizidi sana usiku huwa wa taabu kwa samaki. Ukingoni nimepanda mafunjo machache, nayo yamekuwa pazia la kobe: akisikia mtu, anaingia humo na hutamwona tena mpaka atakapotaka.

Rafiki yangu, kwa nia njema kabisa, aliniletea gugumaji ndani ya ndoo. Kwa kweli hakuna mmea unaosafisha maji upesi kama huo, na mizizi yake ni maficho mazuri ya vifaranga. Nilimshukuru, nikayaanika juani mpaka yakakauka, nikayafukia. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini, ukafika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila mwenye ndugu Mwanza au Kisumu anajua mitumbwi ilivyokwama na nyavu zilivyoshindwa kutupwa, hadi ikalazimu kufuga na kuachia mbawakavu wanaoula. Bwawa langu hufurika masika. Maji yake hupita chini ya geti, huingia mferejini, na mfereji unaelekea Ngerengere. Njia aliyoingilia kobe ni njia ambayo gugumaji lingetokea.

## Kucha kwenye saruji

Usiku mmoja, mvua ikiwa imeanza tena, nilisikia mkwaruzo. Nilitoka na tochi. Kobe alikuwa kwenye kona, amesimama kwa miguu ya nyuma, tumbo lake limegusana na ukuta, akikwaruza saruji kwa kucha za mbele na kuteleza, akikwaruza na kuteleza.

Hapo ndipo swali langu lote lilipobadilika.

Mpaka usiku huo nilikuwa nimejishughulisha na kama bwawa linamfaa na kama yeye analifaa bwawa. Nilikuwa nimeanza kujivunia kwamba amelichagua. Lakini bwawa lilijengwa kwa ajili ya samaki, kuta zake zimesimama wima, na masika maji yakiwa yamejaa hadi ukingoni kuingia ni rahisi. Yakipungua kwa shubiri mbili tu, kutoka haiwezekani. Mnyama ambaye maisha yake yote ni kuingia na kutoka, kufuata mvua na kujifukia kiangazi, alikuwa ameingia mahali penye mlango wa upande mmoja. Anayehesabiwa kuwa mkazi anaweza kuwa mfungwa, na kwa macho, mchana, akiwa ametulia juu ya jiwe la katikati, huwezi kuwatofautisha. Kobe wa majini naye huweza kufa maji akichoka na kukosa pa kushika.

Kesho yake nilimwita fundi. Tulijenga mteremko wa mawe yaliyoparuzwa, kuanzia chini ya maji hadi juu ya ukingo, mpana wa kutosha na wenye mwinamo mdogo ambao hata mtoto wa kobe angeuweza. Sehemu ya mteremko iliyoko juani ndiyo anayoota jua siku hizi. Upande wa nje niliondoa mstari wa mimea ya miiba iliyokuwa ikikinga ukingo.

Nilijiambia kwamba akiondoka, basi. Na ninakiri kwamba usiku wa kwanza baada ya mteremko kukamilika nililala nikitumaini asiondoke. Ameutumia mara nyingi. Kuna asubuhi ambazo haonekani, kisha jioni anakuwapo. Sasa ninaweza kusema kwamba anaishi bwawani, jambo ambalo kabla ya mteremko sikuwa na haki ya kulisema.

## Wale wanaonunuliwa

Tangu habari hizi zienee, wawili wameniuliza wapi wanunue kobe kama huyu kwa ajili ya bustani zao. Jibu langu ni kwamba wasinunue.

Kwanza ni sheria. Kumkamata, kumuuza au kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013. Kobe wa majini ni mnyamapori hata akiwa mdogo kiasi cha kuingia mfukoni.

Pili ni yale yaliyotokea kwingine. Yuko kobe wa bonde la Mississippi nchini Marekani, mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, ambaye kwa miongo mingi amezalishwa mashambani na kuuzwa duniani kote akiwa kitoto cha kijani cha sentimita chache. Kitoto hicho hukua hadi karibu sentimita 30 na kuishi miaka 30 au zaidi. Watu humchoka, humbeba hadi kwenye bwawa au mto ulio karibu, na kumwachia wakidhani wamemwonea huruma. Leo anaishi porini katika kila bara isipokuwa Antaktika, akiwania chakula na mahali pa kuota jua na kobe wenyeji, na yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997, na mwaka 2016 ukamweka rasmi katika orodha ya wavamizi. Marekani yenyewe ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba la chini ya inchi 4 mwaka 1975, kwa sababu watoto waliokuwa wakiwatia mdomoni walikuwa wakiugua kwa salmonela, bakteria wanaoleta kuharisha.

Salmonela hiyo hukaa ndani ya kobe bila kumdhuru, wa kwangu akiwamo kwa kadiri ninavyopaswa kudhani. Hapa nyumbani hakuna anayemshika bila sababu. Anayegusa maji ya bwawa ananawa kwa sabuni, ndoo ya bwawa haiingii jikoni, na wa chini ya miaka mitano hutazama kwa mbali. Akishikwa, isitoshe, hutoa majimaji yenye harufu ambayo yalimfanya mwanangu wa kwanza ayakumbuke masharti yangu bila kukumbushwa.

Anayetaka kobe bustanini achimbe bwawa lenye mteremko, apande yungiyungi, aache uwazi chini ya geti, na asubiri masika. Huenda asije kobe yeyote. Samaki na kereng’ende watakuwapo.

## Kona ya udongo

Lililobaki linahusu mkia. Kobe dume wa kundi hili ana mkia mrefu na mnene. Wa huyu ni mfupi, na kwa hiyo naamini ni jike. Kama alikwisha kukutana na dume kabla ya kufika hapa, atahitaji udongo. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, akililainisha kwa maji anayoyatoa mwilini, hutaga mayai ambayo huweza kupita 20, hufukia na kuondoka. Yataanguliwa baada ya takriban miezi mitatu, na joto la udongo ndilo litakaloamua wangapi ni majike na wangapi ni madume, endapo nguchiro au kenge hawajayafukua.

Fundi aliporudi kusakafia ua, mpango ulikuwa asakafie wote, kwani tope la masika linatuchosha. Nimemwomba aache upande wa magharibi, kuanzia mwisho wa mteremko hadi kwenye geti la nyuma, ubaki udongo mtupu. Mume wangu ameuliza, na ana haki ya kuuliza, kama nyoka nao hawatapita uwazi ule ule wa chini ya geti. Wanaweza kupita. Tumekubaliana kwamba nyasi za upande huo zitafyekwa kila Jumamosi, taa ya ukutani itawashwa jioni, watoto hawatacheza hapo giza likiingia, na uwazi utabaki.